Hodi Gede: jinsi ya kutembelea mji wa mahame ukaogopa vizuri

Kila Desemba nyumba yangu hapa Malindi hugeuka gesti. Watoto wa kaka hushuka kutoka Mombasa, binamu huja kutoka Nairobi na mabegi ya wiki tatu, na mwaka juzi akaja shemeji kutoka Tanga ambaye hata maji ya kunywa hakuyangoja. "Shemeji, kule kwenye majini ni wapi?" Hakuuliza pwani, hakuuliza nguzo ya Vasco da Gama. Alikuwa anautaka mji wa Gede.

Nimewapeleka wengi, na wengi kabla hawajakutana nami walikwenda vibaya. Walifika saa sita mchana, kundi la watu ishirini, spika begani inaimba, wakapiga picha mbele ya tao la kasri, wakarudi wakinung'unika: "Mbona hakuna kitu? Kuta tu." Kuta tu! Mji mzima wa mawe umekaa ndani ya msitu, wenyewe waliondoka yapata miaka mia nne iliyopita wala hawakuacha neno, na wewe umeuona ni kuta.

Kama umezoea kutazama kwenye simu zile nyumba za vitisho za Marekani, ambako Oktoba ikifika watu hulipa tiketi ili warukiwe na vijana waliovaa vinyago, hilo litoe kichwani kwanza. Gede hakuna wa kukurukia. Ukiguswa bega ni jani, au ni kima. Kama si jani wala si kima, hayo ni mambo yako na wao. Hofu ya hapa huja polepole, nayo ina masharti yake. Ndiyo ninayoyaandika.

Kwanza, chagua saa

Lango hufunguliwa saa mbili asubuhi na kufungwa saa kumi na mbili jioni. Kati ya hizo, chagua pembe zake: ingia mlango unapofunguliwa tu, au ngoja saa tisa na nusu alasiri. Asubuhi umande bado umo kwenye majani na mabasi ya wanafunzi hayajafika. Jioni ndiyo yenyewe. Msitu ule huingiwa na giza kabla ya barabara. Saa kumi na moja na nusu, nje kijijini watu bado wanaanua nguo juani, na ndani ya kuta tayari macho yanahangaika. Watoto wadogo wapeleke asubuhi. Watu wazima wanaojidai hawaamini chochote, wapeleke jioni.

Siku za katikati ya wiki ni bora kuliko Jumamosi na Jumapili, na sikukuu za Idi usiende kabisa, labda unapenda kelele. Masika nayo, kuanzia Aprili, njia huteleza na mbu hukupokea langoni kama waliokuwa na miadi nawe. Kaskazi ikivuma, Desemba hadi Machi, ni joto lakini chini ni pakavu.

Idadi ya watu: wanne ni wazuri, sita ndio mwisho. Watu kumi wakitembea pamoja hawawezi kuogopa, watachekeshana tu.

Pili, vitu vya kubeba na vya kuacha

Vaa viatu vya kufunga. Kandambili zitakuumbua kwenye mizizi. Beba maji, dawa ya mbu, na simu iliyojaa chaji. Hilo la simu nalisisitiza kwa sababu malipo ya maeneo ya makumbusho siku hizi hupitia eCitizen, na kiingilio cha mwananchi si sawa na cha mgeni wa nje, kwa hiyo kitambulisho nacho kiwe mfukoni. Mimi niliwahi kusimama langoni na familia nzima, noti zimenijaa mfukoni, simu ina chaji asilimia tatu. Nikafungua, nikaandika jina, nikaandika namba, ikazima. Binamu yangu wa Nairobi alilipa kwa simu yake, na tangu siku hiyo hunikumbusha kila tukikaa kula.

Chakula kiache, au kifungie ndani kabisa ya begi. Kima wa Gede wanajua sauti ya karatasi ya plastiki kuliko unavyoijua wewe. Safari moja mke wangu alifungua kifurushi cha mahamri pale kwenye miti ya karibu na lango, akasema "ni moja tu la mtoto." Kima alishuka kwa utulivu, kama mteja, akachukua la kwanza kutoka mkononi mwa mtoto, akarudi kuchukua kifurushi. Mbaazi alituachia. Na tafadhali usiwarushie ndizi ili upate picha: akizoea kupewa, siku hana cha kupewa huuma.

Tatu, kufika

Kutoka Malindi ni kama kilomita 15 kuelekea kusini. Panda matatu ya Watamu, au yoyote inayoshika barabara ya Kilifi na Mombasa, mwambie makanga akushushe Gede. Pale kijijini fuata kibao. Ni mwendo wa dakika kumi au kumi na tano kwa miguu. Bodaboda watakuita, ila mimi nashauri utembee. Utapita maduka, wauza maembe, watoto wakicheza, kisha miti inaanza kufunga juu na sauti za kijiji zinabaki nyuma moja moja. Ukipanda pikipiki unalikosa lile badiliko, na nusu ya kazi hufanywa na badiliko lile.

Langoni tafuta mwongozaji, mkubaliane bei kabla hujapiga hatua. Wengi ni vijana wa vijiji vya hapohapo, Wagiriama, wanaoijua miti kwa majina na matumizi. Usimwambie "tuonyeshe majini". Atakupa hadithi za kuuzia wageni. Mwache atembee, muulize mti huu ni dawa ya nini, mwulize habari za shamba. Baadaye, mkishazoeana, ndipo umwulize: "Kaka, wewe mwenyewe ni wapi humu hupapendi?" Nilipouliza hivyo, mwongozaji mmoja alinyamaza kidogo, kisha akasema kasri halimtishi, makaburi hayamtishi, lakini kuna kisima ambacho akikipita jioni hupita upande wa pili. Nikamwuliza kuna nini. "Hakuna kitu," akasema. "Ndiyo maana."

Nne, hodi

Bibi yangu, aliyezaliwa Malindi akazikwa Malindi, hakuwahi kuingia mahame bila kubisha. Alikuwa akisimama pale ukuta unapoanza, anaweka kanga sawa kichwani, anasema "Hodi," anangoja kiasi cha pumzi mbili, ndipo anaingia kwa mguu wa kulia. Nilipokuwa mdogo nilimwuliza ni nani atakayeitika karibu. Akanijibu: "Akiitika, turudi nyumbani."

Mimi hufanya hivyo hadi leo na huwafanyisha wageni wote, wakiwemo wanaocheka. Si lazima uamini lolote. Waliolala pale ni Waislamu, na salamu ya makaburini inajulikana. Kama unaijua, itoe. Kama si Muislamu, hodi yatosha. Wagiriama nao wana heshima zao kwa koma, roho za wahenga, na hakuna kati ya watu hawa wote anayeingia nyumba ya mtu kwa kishindo.

Miiko mingine niliyoikuta, ambayo ni rahisi kuifuata hata kwa asiyeamini: usipige mbinja, hasa jua likiinama. Usiite mwenzako kwa jina kwa sauti kubwa; wazee husema jina lililoitwa mahali kama pale hubaki pale. Na ukisikia unaitwa, usiitike mara ya kwanza, ngoja ya pili. Ukikuta mahali pameachwa ubani, kitambaa au chupa ya marashi, hiyo ni nadhiri ya mtu, usiisogeze na usiipige picha.

Tano, pita kwa utaratibu huu

Waongozaji wengi wana mzunguko wao. Mimi napenda kuanza na wafu, halafu ibada, halafu maji, na nyumba za watu ziwe mwisho.

Anza na kaburi lenye tarehe. Kwenye chokaa yake kumeandikwa mwaka 802 wa Hijria, yaani 1399. Simama hapo. Hilo si kaburi la hadithi, ni la mtu aliyezikwa miaka tisini na tisa kabla Vasco da Gama hajaiona Malindi. Karibu kuna kaburi la mnara lenye mifuo kama bua la muwa lililosimamishwa. Makaburi ya namna hiyo ni yetu watu wa pwani. Hata mjini Malindi yapo mawili kando ya Msikiti wa Juma, watu huyapita wakienda sokoni bila kugeuza shingo.

Kisha msikiti mkuu. Paa halipo, nguzo zimebaki visiki, ila kibla kipo na kinaelekea kaskazini kama vibla vyetu vyote. Tazama juu ya tao la mlango mmojawapo: umechongwa mkuki. Kwa nini mkuki msikitini? Kila mwongozaji ana jibu lake, na nimeshayasikia manne. Mtoto wa kaka yangu alitoa la tano, kwamba ni la kuwatisha wanaochelewa swala.

Nje ya msikiti kuna kisima. Hapa kaa kidogo, usipite mbio. Waliofukua mji huu waliona kisima hiki kilikuwa kimechimbwa tena kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yanakimbia. Inama utazame (shika watoto mkono, na usitupe jiwe ndani, kila mtu anataka kutupa jiwe). Utaona giza na mizizi. Sasa fikiria fundi aliyeshushwa kwa kamba mle, akichimba mawe ya matumbawe kwa mtaimbo, wenzake juu wanangoja aseme "maji!", naye hasemi. Mimi hapo ndipo mahali pangu. Jini sijamwona bado, lakini kisima kinachowakimbia watu wanaokifuata, hicho hunisimamisha nywele.

Kwa nini mji uliachwa? Si kisima peke yake. Mwaka 1589 Wazimba, wapiganaji waliotoka kusini, walipita pwani hii wakiua na kuteketeza, mpaka walipozuiwa Malindi. Mwaka 1593 Wareno wakahamia Mombasa kwenye ngome yao mpya, na mtawala wa Malindi akahama nao, pwani ya huku ikabaki kama nyumba iliyohamwa na baba. Kutoka kaskazini Waoromo walikuwa wanashuka. Jina lenyewe Gede, husemwa, ni la Kioromo na maana yake ni kitu cha thamani. Wenyewe waliokaa humu labda waliuita mji wao kwa jina jingine kabisa. Na hapa kuna jambo linalonikereketa kuliko yote: Wareno walikaa Malindi karibu miaka mia, mwendo wa asubuhi moja kwa miguu kutoka hapa, wakaandika bei ya kila kitu mpaka nguo na pembe, lakini mji huu wa misikiti na kasri hawakuutaja. Ama hawakuuona, ama hawakuambiwa. Malindi nzima ilinyamaza? Nikiwa na mgeni mwenye akili za kipolisi humwachia swali hilo alitafune mpaka kwenye kasri.

Kasri ndipo watu hupiga picha, kwa sababu ya tao lake. Wapige, halafu ingieni ndani mkae kimya. Kuna uwanja ambako sultani aliketi kusikiliza mashauri, kuna upande wa wanawake, kuna vidaka vya kuwekea taa. Weka kiganja ndani ya kidaka kimoja. Kina ukubwa wa mkono wa mtu, na mtu huyo kila magharibi alikuwa akifika hapo na kibatari chake. Kuna vyoo pia, na mahali pa kutawadhia, vimejengwa vizuri kuliko vya gesti kadhaa nilizolala.

Halafu mwambie mwongozaji akuonyeshe chumba kisicho na mlango. Nyumba kubwa za hapa zilikuwa na chumba cha hazina, kuta nne, bila mlango. Waliingia kwa ngazi kupitia tundu lililokuwa juu karibu na dari, ngazi ikivutwa hakuna aingiaye wala atokaye. Mtoto wa kaka yangu, miaka minane, alikizunguka chumba hicho mara tatu akipapasa kuta. Mara ya nne alisimama, akanitazama.

"Ami, na kama mtu alikuwa ndani wakati wanahama?"

Sikuwa na jibu. Tulitoka hapo tukitembea haraka kidogo kuliko tulivyoingia, na mimi ndiye niliyekuwa mbele.

Nyumba za watu ziko karibu na kasri, zimebanana, vichochoro vyembamba kama vya Lamu. Hazina majina ya wenyewe kwa sababu hakuna aliyeyakumbuka. Zimepewa majina ya vitu vilivyookotwa ndani: Nyumba ya Makasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Bakuli la Kauri, Nyumba ya Ushanga wa Venice, Nyumba ya Sarafu za China. Hebu fikiria nyumba yako, miaka mia tano ijayo, inaitwa Nyumba ya Chaja. Mwachie kila mgeni achague nyumba moja, aingie peke yake, akae muda wa kuhesabu mia. Wenzake wabaki kichochoroni. Wengi hutoka kabla ya sitini. Shemeji wa Tanga, yule mwenye haraka ya majini, alitoka arobaini na moja, akadai siafu walimpanda mguu. Tulimtazama miguu, hatukuona siafu.

Jumba dogo la makumbusho liweke mwisho, si mwanzo. Ukianza nalo utaona makasi ndani ya kioo na utapiga mwayo. Ukimaliza nalo, utayaona makasi yaliyotoka kwenye ile nyumba uliyoshindwa kuhesabia mia.

Sita, kaa usikilize

Hiki ndicho kipande ambacho wengi hukiruka. Kabla ya kutoka, tafuta jiwe pembeni (si ukuta, kuta ni za matumbawe na chokaa, zimechoka, ukipanda unaubomoa mji) mkae dakika kumi bila kusema. Zima data. Kwanza utasikia masikio yako mwenyewe. Kisha msitu unaanza.

Kitu kitachakurisha majani makavu, kisimame, kichakurishe tena. Huyo mara nyingi ni yule mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye duniani kote anaishi misitu ya pwani ya Kenya tu. Ana ukubwa wa sungura mdogo lakini kwa kelele utadhani mtu anaburuta mguu. Kisha kima mmoja atakohoa juu. Na ukiwa na bahati, au huna, atalia mtoto mchanga. Atalia kwa uchungu kabisa, kule kwenye mibuyu, kama aliyeachwa na mama yake. Ni hondohondo. Ndege huyo hulia vile mchana kweupe, nami nimemwona kwa macho yangu akifungua mdomo na kilio kikitoka. Ila nakuambia hivi: siku ya kwanza usimwambie mgeni wako. Mwache alisikie kwanza.

Ukishajua yote hayo, kisayansi hofu ilipaswa kuisha. Haikuisha hata kwa waliopaswa kuwa nayo kidogo kuliko sisi. James Kirkman, mwanaakiolojia aliyeanza kufukua hapa mwaka 1948 na kuendelea miaka kumi, hakuwa mtu wa ramli. Lakini aliandika kwamba siku zake za mwanzo alihisi kuna kitu, au mtu, anamtazama kutoka nyuma ya kuta. Hakimchukii wala hakimpendi, kinangoja. Mtu aliyekuwa na vibarua, majembe na daftari la hesabu. Napenda kulisema hilo mwishoni mwa zile dakika kumi, kwa sauti ya chini, halafu ninyanyuke nianze kutembea kama aliyesahau wenzake.

Mji huu ulitambuliwa kuwa mahali pa kihistoria pa kuhifadhiwa tangu 1927, na mwaka 2024 UNESCO ikauingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mazungumzo haya yafanyikie nje ya lango. Ndani yanaharibu.

Saba, kutoka

Tokeni pamoja, hesabu watu wako. Bibi alikuwa akigeuka mara moja pale ukutani na kusema "Tumeondoka," ili kusiwe na wa kujisahau akafuatana naye nyumbani. Nami husema. Mlangoni hapohapo kuna mradi wa Kipepeo, wanaokusanya vifukofuko vya vipepeo kutoka kwa wakulima wa kandokando ya msitu wa Arabuko-Sokoke na kuviuza nje, ulianza 1993. Wapitishe watoto huko, watulie. Baadaye madafu barabarani, au shuka Watamu ukale samaki.

Na jambo la mwisho kabla ya kupanda gari: kagua mifuko. Ya watoto hasa. Husemwa aliyetoka na kitu cha Gede hakai vizuri mpaka akirudishe, na sheria ya nchi nayo haitaki, kwa hiyo una sababu mbili. Safari ile ya Desemba mimi sikukagua. Saa nne za usiku, nyumba imelala, mlango wangu ukagongwa polepole.

"Ami. Nina kitu."

Kilikuwa kigae kidogo, hata ukucha wa gumba ulikishinda, upande mmoja una rangi ya kijani kama maji ya mtoni. Alikuwa amekifunga kwenye leso na kukiweka chini ya mto, kisha akakitoa chini ya mto akakiweka dirishani, kisha dirishani akakiona kinamtazama.

Ukijikuta na cha namna hiyo, usikitupe kichakani na usikirudishe kimyakimya mahali unapodhani ulikiokota. Kigae kilichohama mahali pake kinawadanganya wanaosoma ardhi ile. Kipeleke langoni, umkabidhi mhudumu, umwonyeshe kilikotoka. Tulikwenda asubuhi yake, matatu ya kwanza. Mhudumu alikipokea kiganjani, akakitazama, akamtazama mtoto, akamwuliza ni wapi. Mtoto akatuongoza bila kukosea kichochoro hata kimoja mpaka kwenye kile chumba kisicho na mlango, akaonyesha chini ya ukuta.

Mhudumu akauliza kama ataka kuingia tena atembee kidogo, maadamu ameshafika. Mtoto akasema asante, atangoja nje.